Mbebaji wa Nshoma

Watu wakisikia kazi yangu hunipa pole. Juzi pale Makambako, fundi cherehani aliyekuwa akinipunguzia kiuno cha suruali ya mbio alishusha miwani, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kwa hiyo dada yangu, mwenzio anakimbia halafu maumivu unayasikia wewe?" Nikamwambia ashone. Mimi ni mbebaji wa Nshoma Lugembe. Wabebaji wa daraja la kwanza duniani hatufiki mia, marubani wa ndege ni wengi kuliko sisi, na katika miaka tisa ya kazi hii nilikuwa sijawahi kumpa mwendeshaji wangu namba ya uongo. Pole apewe mwenye msiba.

Asubuhi ya hatua ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, upepo wa Makambako ulikuwa umeamka na hasira zake za kila siku. Hema la timu lilikuwa likipigwa pande zote. Nshoma alikaa juu ya kreti la maji, mguu wake wa kushoto ameunyoosha mapajani kwangu. Alikuwa amevaa jezi ya dhahabu, jezi ya anayeongoza mbio. Siku nne mfululizo alikuwa akiivaa, na kila jioni aliifua kwa mkono wake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na sabuni.

Kabla ya kila hatua, mbebaji husalimia mwili anaokwenda kuubeba. Hakuna kanuni inayosema hivyo. Ni desturi yetu tu, na anayeiruka tunamcheka. Unaweka kiganja juu ya kiungo, unafungua kishikizo kwa pumzi tatu, unasikiliza, unakifunga. Kishikizo chenyewe kimeshonwa chini ya ngozi nyuma ya shingo, changu na chake, si kikubwa kuliko punje ya hindi.

"Mabega, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama," akajibu Nshoma, maana mwenye mwili ndiye anayeitikia.

"Mgongo?"

"Salama, ila unalilaani godoro la hoteli."

"Goti la kulia?"

"Salama."

"Goti la kushoto?"

Hakuitikia upesi. Wala sikuhitaji aitikie, kwa kuwa kishikizo kilikuwa wazi na goti lilikuwa limeshaniambia lenyewe. Chini ya kifuniko cha goti, pale kano inaposhika mfupa, palikuwa na kitu chembamba, kikali, kisicho na haraka.

"Tatu," nikasema. "Na hata baiskeli hujapanda."

"Daktari jana kasema ni uchovu tu."

"Daktari hakulibeba."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Nshoma ana miaka ishirini na sita, anatoka Maswa, kwa watu ambao baiskeli ni kama ndugu wa nyumbani, na akitaka kitu huinamisha kichwa mbele mithili ya mtu anayepita mlango mfupi. Aliinamisha kichwa.

"Da Sekela, nakuomba kitu. Leo mlimani, hilo goti likipita nane, wewe niambie nane."

Sisi tunahesabu kutoka moja hadi kumi. Moja ni mwili uliolala. Nane ni mwili unaolalamika kwa haki. Kumi maana yake ni shuka, kitu kinakatika, na hakuna mbishi anayebishana na kumi.

"Nshoma, usinifanyie hivyo."

"Sekunde thelathini na moja, dada. Tovar yuko nyuma yangu sekunde thelathini na moja tu. Mbio hizi zina miaka ishirini na mbili, zinapita katikati ya mashamba yetu, sisi ndio tunaofagia barabara, na kila mwaka jezi inapanda ndege inaenda zake. Mimi nikisikia tisa nitaogopa. Najijua. Sitaki kuogopa leo."

"Na goti likikatika?"

"Ni goti langu."

Lilikuwa lake kweli. Nikasema "sawa" ile ya kumnyamazisha mtu ili kazi iendelee. Nshoma si mjinga. Akanishika mkono, akasema, "Sema kwa jina lako." Basi nikasema: mimi Sekela Mwasumbi, sawa. Na tangu neno hilo linitoke nikawa na ahadi mbili zisizoweza kukaa chumba kimoja.

*

Kutoka Makambako barabara inateremka kilomita nyingi hadi bonde la Usangu, kutoka baridi ya kuvaa makoti hadi joto la mashamba ya mpunga. Kundi zima la wanawake mia na sitini tulishuka pamoja. Kufika Igawa tulikuwa tumeshagawanyika kama kawaida: mbele waendeshaji, nyuma wabebaji.

Nieleze kidogo, maana watu wengi hudhani tunabeba uchovu. Uchovu haubebeki. Misuli ya Nshoma inaungua ileile, moyo wake unapiga uleule, kano yake inavutika ileile. Kinachohama ni habari tu. Ile taarifa ambayo mwili humpelekea mwenyewe ili apunguze mwendo, kishikizo huizuia shingoni kwake na kuileta shingoni kwangu. Yeye anapanda mlima akiwa mwepesi moyoni kama anayeendesha kwenda sokoni, na mimi huku nyuma napanda mlima wangu nikiwa na maumivu ya milima miwili. Ndiyo maana mbebaji hawezi kuwa mtu wa kukaa kwenye gari. Waliwahi kujaribu, wakaweka watu kwenye viti vya kulala, wote walizimia. Maumivu ya baiskeli yanabebeka na mtu aliye juu ya baiskeli.

Na kwa kuwa mwendeshaji hasikii kitu, hajui amebakiza nini. Mashine za kupimia mwili chama cha mbio kilizipiga marufuku zamani, baada ya timu kuanza kuzifundisha kusema uongo. Amebaki mbebaji. Kila baada ya muda mwendeshaji anataja alipofika, mbebaji anamsomea namba, naye anaongeza au anapunguza. Nshoma kwa miaka sita alikuwa akiendesha kwa neno langu, na mtu anayetembea juu ya neno lako humchezei. Hicho ndicho nilichokuwa nikijivunia kuliko medali zake zote.

Kundi la wabebaji ni kundi zuri. Hatushindani. Tunavaa vioo vyeusi usoni ili wapinzani wasisome nyuso zetu, tunapeana maji bila kuangalia rangi ya timu, na hakuna anayemuuliza mwenzake mzigo wake ukoje. Pembeni yangu siku hiyo alikuwa Ines, mbebaji wa Berenice Tovar wa Kolombia, yaani mbebaji wa adui. Miaka mitano tumesaga meno pamoja. Kiswahili amejifunza humuhumu barabarani, hakina viungo lakini kinashibisha.

"Sekela, leo jua kali," akasema tulipopita maghala ya mchele.

"Jua la kwetu hilo. Zoea."

"Mimi zoea. Mlima yenu, hapana zoea."

Mlima huo ni ule wa kutoka Chimala kwenda Matamba. Wenyeji wanauita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Barabara inajikunja ukutani mwa mlima, kona juu ya kona, na ukiwa chini unaona wenzako wakipita juu ya kichwa chako. Mstari wa mwisho ulichorwa hatua mia tatu baada ya kona ya mwisho. Watu walikuwa wamepanga kando tangu alfajiri, akina mama wa Matamba wamejifunga khanga mbilimbili kwa baridi ya juu, na kila kona ilikuwa na spika iliyotangaza mbio. Wa mbele akipita kona, mlima mzima unaitaja namba yake kwa sauti moja.

*

"Kona ya kumi na tisa," Nshoma akasema kwenye redio ya sikioni mwangu. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayechambua mchele.

"Kifua saba, mapaja saba, goti sita."

"Tovar yuko nyuma yangu, nasikia cheni yake."

"Mwache asikike."

Kona ya ishirini na saba goti likawa nane, nami nikasema nane, ikawa kweli. Nikaomba liishie hapo. Lakini Nshoma alikuwa amesimama juu ya pedeli, anamvuta Tovar ili amchoshe, na kila akisimama uzito wote ulishukia mguu wa kushoto, maana hakuwa na sababu ya kuuonea huruma. Kona ya thelathini na nne likanichoma hadi nikaona barabara ikipauka.

"Namba, dada."

"Kifua nane, mapaja nane." Nikabadili gia. "Goti nane."

Lilikuwa tisa. Nilisikia sauti yangu ikitoka vizuri kabisa, bila kutetemeka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miaka tisa niliyojisifia iliisha hapo, kwa neno moja, na hakuna aliyejua.

Niliona aibu, nasema wazi. Nikajitetea moyoni kwamba ndivyo alivyotaka, kwamba ni mtu mzima, kwamba ni goti lake. Utetezi wote ulikuwa mzuri, wala haukunisaidia kitu.

Mguu wangu mwenyewe ulikuwa umeanza kuchechemea kwenye pedeli. Mwili haujui kwamba goti ni la mtu mwingine. Ndege ndogo ya kamera ikashuka kutupiga picha wabebaji, na ingeuona mguu huo, gari la Kolombia lingejua papo hapo kwamba goti la kushoto la Nshoma limekwisha, na Tovar angeambiwa ashambulie. Ines aliniangalia mguu mara moja. Halafu akasogea upande wangu wa kushoto, akakaa katikati yangu na kamera, akanifunika mpaka ilipoondoka. Sikumshukuru, kwa sababu mambo haya hayashukuriwi.

"Kona ya arobaini na moja. Namba."

"Goti nane."

Tisa na nusu.

Kocha Ruwaichi, aliyekuwa kwenye gari nyuma ya Nshoma, akaingia kwenye njia ya redio inayonifikia mimi peke yangu. "Sekela, namuona anavyokanyaga. Goti ni ngapi kweli?"

"Tisa na nusu, Kocha."

 Si mtu mbaya Kocha Ruwaichi. "Kona zimebaki kumi na sita," akasema. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Aliniambia asubuhi. Endelea na nane."

"Kano inakatika."

"Inaweza ikahimili. Tovar amechoka, kaachwa kidogo. Sekela, hii nafasi hairudi."

Hapo nikajua kwamba watu watatu tumekubaliana juu ya goti la Nshoma, na katika hao watatu anayelijua ni mmoja tu. Nikafungua njia ya wote.

"Nshoma, nimekudanganya. Goti ni tisa na nusu. Limepita nane tangu kona ya thelathini na nne."

 Akacheka, kicheko chake kilekile cha kwenye hema.

"Si nilikuambia uniambie nane? Umevunja ahadi bure, dada. Mbona siogopi? Tisa na nusu, haya, sawa, nimesikia. Nampa Tovar kona mbili nyingine halafu namwacha kabisa."

Nikaelewa kosa langu, na lilikuwa kosa la miaka sita, si la siku moja. Mara ya mwisho Nshoma kusikia tisa kwa mwili wake mwenyewe alikuwa na miaka ishirini. Kwake tisa ilikuwa namba ya kwenye redio, sawa na namba ya nyumba au ya basi. Nilikuwa nikimsomea kitabu cha lugha aliyokwisha kuisahau, tena kwa majivuno, nikidhani kwa kuwa nasoma bila kukosea basi anaelewa. Ukweli wangu haukuwa na thamani kubwa kuliko uongo wangu.

Kwenye usukani wa kila mbebaji kuna kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza kwa pumzi tatu, mzigo unarudi kwa mwenyewe. Kanuni iko wazi: mbebaji anayerudisha mzigo bila kuombwa hufungiwa kishikizo chake maisha yake yote. Kanuni nzuri. Iliwekwa baada ya mwendeshaji mmoja kurudishiwa mzigo wake ghafla kwenye mteremko, akaanguka, akafa. Naijua vizuri kwa kuwa nilikuwa kwenye mkutano ulioipitisha na niliipigia kura ya ndiyo.

"Kona ya arobaini na tano," akasema Nshoma. Mlima mzima ukapiga kelele: arobaini na tano!

"Umeshaipita?"

"Nimeipita."

"Kaa kwenye siti. Shika usukani kwa mikono yote miwili. Nakurudishia."

"Unanirudishia nini?"

"Kilicho chako."

Nikasikia Kocha akiita jina langu. Ines akaona dole gumba langu lilipo, akasema kitu kwa Kihispania, nadhani aliomba Mungu. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu.

*

Alipiga ukelele ambao sitausahau, na spika zikatangaza kwamba anayeongoza amesimama, mguu mmoja chini, juu kidogo ya kona ya arobaini na tano. Tovar akampita bila kuamini macho yake.

"Nimekatika! Da Sekela, nimekatika!"

 "Wapi? Umekatika wapi?"

"Mapaja! Yote mawili! Yanawaka moto, yamekatika yote!"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka huku machozi yakinitoka chini ya kioo cheusi.

"Hayajakatika, mdogo wangu. Hayo ndiyo mapaja ya mtu anayepanda mlima."

"Kifua kinabana, sipati hewa, ninakufa!"

"Hufi. Kifua cha kila mwanamke aliye mlimani leo kiko hivyo, cha Tovar pia, ila Tovar chake anacho Ines. Vuta pumzi. Nyingine."

"Hii ni kawaida?"

"Hii ni Jumapili ya kawaida kabisa."

Nilimsikia akihema. Kocha alikuwa akipiga kelele kwamba zimeshapita sekunde kumi, kumi na mbili. Nikamwambia Kocha anyamaze, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu wa rika lake.

"Nshoma, nisikilize. Sasa yapite mapaja. Yanapiga kelele tu, hayana habari mpya. Shuka chini, upande wa kushoto. Chini ya kifuniko cha goti. Kuna kitu chembamba, hakipigi kelele. Umekipata?"

 Upepo kwenye redio. Watu wakiita jina lake.

"Nimekipata," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. Ilikuwa sauti ya mtu mzima.

"Nipe namba."

Katika miaka sita ile ilikuwa mara ya kwanza mimi kumuuliza yeye.

"Tisa," akasema polepole. "Hapana. Tisa na nusu." Halafu, "Umekuwa nacho tangu lini?"

"Kilianza kupanda kona ya kumi na tisa."

"Na haya mapaja?"

"Hayo tangu tulipojuana."

 Kocha akaingia, safari hii kwa upole, akamwambia Tovar amempita kwa sekunde ishirini, kwamba akikaza akasimama juu ya pedeli anamfikia, jezi bado ni yake. Nshoma akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Da Sekela, nifanyeje?"

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, tena zuri. Nikalimeza.

"Kazi yangu ilikuwa namba, na namba unazo. La kufanya ni lako."

Nikasikia kiatu kikibana kwenye pedeli, mlio mdogo wa chuma. Halafu sauti yake, fupi fupi kwa kukosa pumzi: "Nakaa. Gia ndogo. Wa kulia ndio utavuta." Na mlima wote ukapiga kelele kwa kuwa jezi ya dhahabu imeanza kusogea.

Huku chini, kona tisa nyuma yake, mimi nilikuwa nimepata mshangao wangu. Goti langu la kushoto lilikuwa zima. Lilikuwa zima siku zote. Kifua changu kilikuwa na kazi ya kifua kimoja tu. Nilikanyaga pedeli mara moja na baiskeli ikaruka mbele kiasi kwamba nusura nimgonge mwenzangu wa mbele. Wengine wakageuka. Wabebaji wote walijua kilichotokea, na walijua mimi si mwenzao tena.

Ines akainua kioo chake cheusi, jambo ambalo hatufanyi barabarani kamwe. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na umejaa maumivu ya Tovar, naye alikuwa anatabasamu.

"Wewe nenda," akasema. "Nenda, mwanamke! Wewe mwepesi!"

Nikaenda. Sina haya kusema kwamba nilifurahi. Mwanamke wa miaka thelathini na nne aliyezoea kupanda na maumivu ya watu wawili, ukimpa maumivu yake peke yake, anapanda anavyotaka. Nilipita wabebaji, nikapita waendeshaji waliochoka, nikapita wasichana ambao hawakuwahi kuniona mbele yao isipokuwa kwenye foleni ya chakula. Akina mama wa Matamba hawakujua mimi ni nani lakini walipiga vigelegele, nami nikavipokea vyote.

*

Juu, kwenye meza ya waamuzi, alinisubiri mwanamama wa kanuni, mwenye koti la chama na kalamu ya kufungia vishikizo. Nilikuwa nimefika wa thelathini na tatu. Kwa miaka tisa sijawahi kuwa ndani ya tisini.

"Kanuni unaijua?" akaniuliza.

"Niliipigia kura."

"Una la kujitetea?"

"Sina. Funga."

Niliinamisha shingo. Kalamu ilitoa joto kidogo, ikaisha. Hapakuuma hata kidogo, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu nilikuwa hodari wa kazi hii na hakuna mtu atakayenipa tena.

Nshoma nilimkuta nyuma ya jukwaa, goti limefungwa barafu, jezi ya dhahabu ameivua na kuikunja vizuri kwenye kiti. Alikuwa wa pili. Miaka ishirini na mbili ya mbio, na aliukosa ushindi kwa sekunde tisa. Daktari alikuwa amempiga picha ya goti papo hapo: kano imechanika robo tatu, robo imeshika. Miezi minane nje, kisha atarudi. Kwa mwendo ule wa kusimama juu ya pedeli, daktari alisema, isingefika kona ya hamsini.

"Uliniahidi," akasema bila kuniangalia.

"Nilikuahidi, na nimevunja."

"Ningeshinda."

"Labda."

"Usiniambie labda! Ningeshinda!"

Sikubishana naye. Huenda kweli angeshinda, huenda robo ile ingeshika kona saba nyingine, na mimi nitaishi na jambo hilo. Nikakaa chini karibu na mguu wake. Tulikaa hivyo mpaka mtangazaji alipoita jina lake. Akasimama, akayumba, nikanyoosha mkono nimshike. Akausukuma. Akapanda ngazi za jukwaa peke yake, ngazi moja moja, na kila ngazi niliona usoni mwake anailipia mwenyewe.

Mwandishi mmoja aliyekuja na ndege kutoka mbali akauliza kupitia mkalimani kama ni kweli kwamba mbebaji wake amemsaliti na kumkosesha ushindi wa kwanza wa nchi yake.  Watu wote walitaka kujua, na mimi zaidi ya wote.

Nshoma akaishika maiki kwa mikono miwili. Aliangalia chini kule barabara ilikojikunja, akainamisha kichwa mbele, akasema:

"Kona za mlima huu ni hamsini na saba. Arobaini na tano amezipanda Sekela Mwasumbi. Kumi na mbili nimezipanda mimi, Nshoma Lugembe, binti wa Maswa, na katika maisha yangu yote sijawahi kupanda nyingi kuliko hizo. Andikeni hivyo."

Vigelegele vilianza kwa akina mama wa mbele, vikaenda hadi nyuma, vikateremka mlimani kona kwa kona. Kocha Ruwaichi alikuwa anapangusa macho na kofia. Mimi nilisimama wima kati ya watu nisiowajua, shingo ikiwa bado na joto la kalamu, nikazipokea kona zangu arobaini na tano. Sikuona hata moja ya kumrudishia.